Gari Jepesi: Kumuaga Mzee Gia Mbili

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuendesha gari la Nyumba ya Mahabusu ya Watoto, dereva wetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri. Na kwa jinsi tunavyomjua, hatutashangaa akifika saa kumi. Katika barua yake ya ajira ana majina matatu kamili. Humu ndani hayatumiki. Watoto wanamwita Babu, sisi wengine tunamwita Mzee Gia Mbili, na mkewe, tulipompigia simu kuuliza saizi ya shati la zawadi, alimwita "huyo wenu", kwa maelezo kwamba yeye humpata Jumapili tu.

Kamati ya hafla iliomba ukurasa mmoja, tena wa kuchangamsha. Ukurasa mmoja umeshindikana. Kuchangamsha tutajaribu, ingawa juma hili roho zetu zilikuwa juu juu, na sababu kila mmoja anaijua. Safari ya mwisho ya mstaafu kwenda mahakamani, Jumanne, ndiyo iliyombeba kijana wa pikipiki. Alipopanda garini asubuhi ile, kijana alikuwa na njia mbili mbele yake: ama kukabidhiwa kwa shangazi yake chini ya uangalizi wa mwaka mmoja, ama kupelekwa shule ya maadilisho kwa miaka mitatu, huko mbali ambako barua zenyewe hufika zimechoka.

Nitafika huko. Kwanza mtu mwenyewe.

Alikuja kwetu akitokea kwenye lori la soda. Husema kwamba tofauti aliyoiona siku ya kwanza ni moja tu: kreti haziulizi zinapelekwa wapi. Watoto waliuliza. Waliuliza tangu getini hadi mahakamani, na yeye, ambaye alikuwa ameajiriwa kushika usukani na si kujibu maswali, aliwajibu wote. Kama hajui, aliwaambia hajui. Katika kazi yetu hii, ambamo kila mtu mzima ana jibu na majibu hayafanani, jambo hilo lilimpa sifa haraka sana.

Katika utumishi wake amemaliza magari mawili, wakuu wa Nyumba saba, na mlinzi wa geti mmoja, ambaye bado yupo kazini ila anadai amemalizwa. Gari la kwanza halikuwa na viti. Watoto walikaa sakafuni wakishikana kila kona. Mabenchi yaliyofungwa humo aliyaomba mwenyewe kwenye shule moja iliyokuwa inabadilisha samani, akayafunga kwa boliti mwenyewe, na alipoulizwa na mkuu wa wakati huo ni nani aliyemruhusu, alisema aliogopa kuomba ruhusa kwa sababu angeweza kupewa. Mkuu alikaa siku mbili akilitafakari jibu hilo, kisha akaliacha.

Gari la tatu, hili la sasa, lilipakwa maandishi makubwa ubavuni yanayosema limebeba nani. Ubavu mmoja tu, maana rangi iliisha. Tangu siku hiyo Mzee hakuwahi kuegesha mahakamani isipokuwa ubavu huo ukiwa umeugusa ukuta kabisa. Watoto walishuka upande mweupe, mbele za watu, kama abiria wa kawaida waliochelewa mahali. Wahasibu walikuja kuhoji kwa nini gari linachubuka upande mmoja. Akasema ni upande wenye bahati mbaya.

Kuna jambo la getini ambalo wageni huliona kama mzaha, na sisi tumeshalizoea kama kengele. Kila siku ya mahakama, gari likirudi mchana, mlinzi hafungui geti kabla hajauliza, "Gari vipi?" Kama kuna mtoto aliyeachiwa huko, hakurudi nalo, Mzee hujibu, "Gari jepesi." Kama wamerudi wote walioondoka, hujibu, "Gari zito." Hakuna zaidi. Lakini watoto wote waliobaki, wawe wanafua au wako darasani, husikiliza. Mwalimu wetu wa hesabu amekiri kwamba hajawahi kufundisha chochote saa ya gari kurudi. Likiwa jepesi, chakula cha mchana huliwa kwa kelele. Likiwa zito, unasikia vijiko.

Sasa tuzungumzie mwendo wake, maana jina la Gia Mbili hakulipata kwenye ubatizo.

Huyu bwana aliendesha polepole kuliko dereva yeyote wa serikali aliyewahi kulipwa. Kila siku ya mahakama aliingia kituo cha mafuta, hata kama tangi limejaa, akapima upepo wa matairi. Yote manne na la akiba. Kijana wa kituo alikuwa akimwona tu anamletea kiti. Akitoka hapo alipisha baiskeli, alipisha mikokoteni, na kuna siku inasemekana alimpisha mbuzi ambaye alikuwa bado hajaamua kuvuka. Mkuu wa nne, aliyependa sana nidhamu ya muda, aliamua kupanda naye mbele ili agundue tatizo liko wapi. Alisinzia kabla ya kituo cha mafuta, akaamshwa mahakamani, na katika taarifa yake aliandika kwamba safari ni salama.

Tatizo halikuwa siri kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye lile benchi la nje ya mahakama. Kesi za watoto husikilizwa asubuhi, kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa, na hakimu huanza gari letu likifika. Mtoto akiitwa na hana mtu mzima wake, kesi husogezwa majuma mawili, naye anarudi kwetu. Na hao watu wazima wao hawaletwi na gari la mtu. Wanatoka mbali, wanabadilisha basi, wanapotea, wanazuiwa getini kwa sababu ya ndala, wanaelekezwa mlango usio wenyewe. Kila dakika ambayo Mzee Gia Mbili aliipoteza kwenye upepo wa matairi ilikuwa dakika ya mama fulani kuvuka barabara.

Akishafika, kazi yake ya pili ilianza, ambayo haimo popote katika maelezo ya kazi yake. Alipita kwenye benchi akimuuliza kila mmoja, "Wewe ni wa nani?" Kisha akamwambia namba. Maana mahakama ya watoto haiiti majina. Ni sheria, na ni sheria nzuri: mtoto asije akatangazwa mbele ya watu halafu jina likamfuata mpaka uzeeni. Karani hutoka mlangoni akaita namba tu. Lakini ndugu wa mtoto amekuja akisubiri jina alilompa mwenyewe. Namba hajui. Hakuna aliyemwambia. Dereva ndiye aliyewaambia.

Tusimsifu kupita kiasi, asije akakataa kustaafu. Mwendo ule uliwahi kuumiza. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na binti mmoja ambaye mama yake alikuwa ameshafika tangu alfajiri, na siku hiyo hakimu alikuwa na msiba, akawahi kufunga. Gari lilipoingia, mlango ulikuwa na kufuli. Yule binti alikaa kwetu majuma mawili zaidi, na ndani ya majuma hayo mtihani wa darasa lake ukafanyika na kupita. Mzee alimfuata bwenini, matroni akiwa amesimama pale, akamwambia kwamba ni yeye aliyechelewesha gari, si hakimu wala foleni. Safari iliyofuata binti alikaa nyuma yake kabisa, na njia nzima, anasema Mzee, alikuwa akilisikia lile jicho kwenye kisogo. Hakuacha kwenda polepole baada ya hapo. Aliacha kusema kwamba hana haraka.

Kijana wa pikipiki, sasa.

Ana miaka kumi na minne. Alichukua pikipiki ya jirani, iliyolala uani, ili awaonyeshe wenzake kwamba anajua kuendesha. Na kweli anajua. Kusimama ndiko kulikomshinda. Alisimamia ndani ya meza ya mama mmoja muuza vyombo. Sahani zikaisha zote, na yule mama akavunjika mkono juu ya kiganja. Si jambo la kucheka, na mama huyo hacheki. Mkono ule hadi leo mvua ikitaka kunyesha unamwambia.

Polisi wakaandika wizi wa pikipiki pamoja na kujeruhi. Usiku tatu alilala selo ya kituoni pamoja na watu wazima, kwa kuwa chumba cha watoto kilikuwa kimejaa viti vibovu. Kisha akaletwa kwetu, akakaa miezi tisa. Wakati huo wote mwanamume mzima aliyekamatwa siku ileile kwa wizi wa kweli wa pikipiki alikuwa nje kwa dhamana, maana alikuwa na mtu wa kumdhamini. Mama wa kijana yuko nchi nyingine akitunza watoto wa watu. Hutuma ujumbe wa sauti mrefu ambao matroni humchezea kijana Jumapili. Aliyebaki ni shangazi, dobi wa hospitali.

Shangazi hakuwa amekataa kuja. Hapo ndipo pa kusikitisha. Mara ya kwanza kesi ilipotajwa, Mzee Gia Mbili alikuwa likizo, akimwoza binti yake. Dereva wa muda akaenda mbio, akafika mapema, akawashusha watoto kwenye mlango wa nyuma, akabaki garini na simu yake. Shangazi alikuwa kwenye benchi tayari, amevaa gauni lake la sherehe, anasubiri kusikia jina. Karani akatoka akaita kumi na saba. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Shangazi akamgeukia mama aliyekaa naye, akatikisa kichwa na kusema, "Huyu kumi na saba naye ana ndugu gani hawa? Hata kuja kumwona mtoto."

Kumi na saba alikuwa wa kwake. Alikuja kujua saa nane mchana, alipoona gari linaondoka na uso wa kijana uko nyuma ya nyavu za dirisha.

Mara ya pili hakimu alikuwa kwenye semina ya haki za watoto, kwa hiyo kesi za watoto hazikusikilizwa. Mara ya tatu shangazi alinyimwa ruhusa kazini. Hapo hakimu, ambaye tusimwonee, ni mtu mwelewa na faili lile lilikuwa limeanza kumchukiza yeye kuliko mtu yeyote, akasema basi: Jumanne ataamua, ndugu awepo, asiwepo. Afisa ustawi wetu akaenda kwa mama wa vyombo, akaenda kwa shangazi, akaandika pendekezo lake. Mama wa vyombo alisema bado ana hasira, ila haoni miaka mitatu ya shule itambebea vipi makreti. Aje amsaidie kubeba kila Jumamosi, mkono huu hauwezi. Shangazi alisema atakuja. Msimamizi wake wa dobi akamwambia aende, lakini saa nne ya chai awe amesimama mbele ya mashine yake, la sivyo akae nyumbani moja kwa moja.

Kutoka mahakamani hadi hospitali ni saa nzima kwa basi. Kwa hiyo alikuwa na mpaka saa tatu. Hakimu akakubali kuanza na namba kumi na saba, saa mbili kamili, mradi gari liwepo.

Mradi gari liwepo. Tuliambiana maneno hayo Jumatatu nzima. Mpishi aliniuliza kama kuna njia ya kumficha Mzee pampu ya upepo. Mlinzi wa geti alijitolea kulala ndani ya gari. Mzee mwenyewe aliingia stoo kwangu kuchukua kitambaa cha kufutia kioo, akakaa na kitambaa mkononi bila kufuta chochote, akaniuliza kama nadhani gari lile bado linaweza. Nikamwambia mimi ni mtu wa mablanketi.

Asubuhi ya Jumanne aliondoka na watoto wanne na matroni, kabla jua halijapanda vizuri. Kituo cha mafuta alikipita. Kijana wa pale alikuwa ameshatoa kiti, akabaki amekishika. Kila kitu kilikwenda sawa hadi kituo cha polisi, ambako ilibidi wamchukue mtoto mmoja aliyelala selo usiku ule. Mdogo, miaka kumi hivi, kakamatwa kwa kulala kwenye kibaraza cha duka. Askari wa zamu akasema mtoto yupo, karatasi zake zipo, ila askari mwenye ufunguo amekwenda kunywa chai.

Chai ya wapi, hakuna aliyejua. Wakangoja. Simu ya matroni ikalia: karani wa mahakama, anasema hakimu ameketi, shangazi yupo, nyie mko wapi. Wakangoja. Mzee, ambaye kwa miaka thelathini na moja hatujawahi kusikia honi yake na wengine tuliamini haipo, alipiga honi. Askari wa zamu akatoka nje kuangalia ni nani huyo asiye na adabu. Saa mbili na nusu ikapita. Simu ikalia tena.

Matroni anasema hapo ndipo alipomwambia Mzee wamwache yule mdogo. Waje wamchukue kesho. Mzee hakuwasha gari na hakukataa. Alimwangalia kijana wa pikipiki kwenye kioo. Kijana alikuwa amesikia kila kitu. Gari lile halina ukuta kati ya mbele na nyuma. Kuja kesho maana yake ni usiku mwingine mle ndani, pamoja na watu wazima, na kesho gari halina safari. Pengine juma lijalo.

Kijana akasema, "Mngojeni, Babu. Mle ndani mimi nimelala."

Aligeuka akaangalia ukuta wa kituo. Matroni anasema mikono yake ilikuwa imebana benchi mpaka kucha zimekuwa nyeupe, kwa hiyo mtu asimwandike kuwa malaika. Alikuwa mtoto mwenye hofu aliyesema jambo moja sahihi, na pengine alilijutia kabla halijamtoka vizuri.

Mwenye ufunguo alirudi akijifuta mdomo. Mtoto akapandishwa. Ilikuwa imebaki kidogo sana kufika saa tatu, na njia iliyobaki, kwa mwendo tuliouzoea, ni ya kutosha kusoma gazeti lote na matangazo ya vifo.

Nimeusikia mwendo ule kwa masimulizi ya watu watano, na wote wanakubaliana kwa jambo moja: kwamba hawakuamini. Gari lilinguruma. Halikumpisha yeyote. Mzee aliinama kwenye usukani kama mtu anayesukuma kabati, na kila alipobadilisha gia, kitu fulani chini ya sakafu kililalamika. Mmoja wa wale wanne, mtundu tunayemwita Wakili kwa sababu anajua vifungu vya sheria vyote isipokuwa kile alichovunja, akasema kwa heshima kabisa, "Kumbe hili gari lina gia ya nne." Hakuna aliyecheka mpaka jioni.

Walipokata kona ya mahakama, saa tatu ilikuwa imepita. Shangazi alikuwa amekwisha kutoka. Mzee alimwona ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, na safari hii hakuvaa gauni la sherehe. Alikuwa na sare yake ya dobi chini ya khanga, tayari kwa kazi. Basi lilikuwa linaonekana kwa mbali.

Angeweza kuegesha, akashuka, akavuka, akamwita. Ndivyo kanuni inavyotaka. Yeye aligeuza gari zima. Alilipeleka mpaka kwenye kituo cha basi, ubavu wenye maandishi ukiwa wazi kwa dunia nzima, na watu waliokuwa wakisubiri wakatawanyika kama waliomwagiwa maji, kila mmoja akiamini amefuatwa yeye. Akabaki shangazi peke yake, mkoba kifuani. Mzee akafungua mlango wa mbele, mlango ambao kwa miaka yote hakuwahi kumfungulia ndugu wa mtoto yeyote, hata kwenye mvua.

"Shangazi," akasema, "namba yetu ni kumi na saba. Panda."

Yaliyosemwa mle chumbani si ya kuandikwa hapa, na matroni haruhusiwi kuyasema, na hakuyasema. Sisi tulikuwa tunabahatisha tu, naye akawa anatikisa kichwa tukikosea. Hivyo tumeambulia kwamba hakimu alimuuliza shangazi kama ataweza kumdhibiti kijana, na shangazi akajibu, "Mheshimiwa, mimi nafua mashuka ya wodi nne. Huyu ni mmoja." Uangalizi wa mwaka mmoja. Jumamosi kwa mama wa vyombo. Akikosea mara moja, anarudishwa mbele ya hakimu huyohuyo, na safari hiyo hakutakuwa na kuulizana.

Ilibaki chai ya saa nne. Basi lilikuwa limekwenda zamani. Kanuni zetu zinakataza mtu aliyeachiwa kupanda tena lile gari, na zinakataza ndugu zake vilevile. Mzee alimwangalia matroni. Matroni akaangalia mawingu. Tatizo likawa la nafasi, maana mtoto aliyeachiwa huru hawezi kukaa nyuma ambako komeo liko nje. Basi shangazi na kijana wakakaa mbele, matroni akahamia nyuma kwa watoto wengine, ambao karani alikubali kuwaita gari likirudi, komeo likafungwa. Mwajiriwa pekee wa Nyumba hii aliyewahi kusafiri akiwa amefungiwa ni yeye, na anaomba isirudiwe kwenye hotuba.

Waliingia hospitali chai imeshaanza. Msimamizi wa dobi alikuwa mlangoni na kikombe. Aliona gari lenye nyavu madirishani likisimama, dereva mwenye mvi akishuka, akizunguka, akimfungulia mlango mfanyakazi wake kama anayemshusha waziri. Akalisoma andiko la ubavuni. Akamtazama mwanamke aliyefungiwa nyuma akimpungia mkono. Kisha akamwambia shangazi aende akafunge aproni. Mpaka naandika haya, shangazi bado anafua.

Mchana gari lilirudi. Watoto walikuwa wamejipanga kando ya kamba za nguo, hakuna aliyekuwa anaanika. Mlinzi akashika komeo la geti, akauliza lile swali lake, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Gari vipi?"

Tukaona Mzee ameangalia nyuma. Alikuwa ameondoka na wanne. Kijana wa pikipiki alikuwa amebaki kwa shangazi yake. Na kwenye nafasi yake, kichwa hakijafika hata kwenye dirisha, alikuwa amekaa yule mdogo wa kibarazani, ambaye hakuna ndugu aliyejitokeza kwenye benchi, ambaye alikuwa amelala usingizi mzito begani mwa Wakili.

"Uzito uleule," akasema Mzee.

Mlinzi alifungua geti. Hatukujua tushangilie au la. Mwishowe watoto waliamua wenyewe, wakashangilia, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu mdogo alikuwa amelala.

Ndugu wafanyakazi, hatuwezi kuwaambia kwamba mambo yamekwisha vizuri. Kesho ndiyo Jumamosi ya kwanza ya makreti. Mwaka mmoja ni mrefu kwa mtu wa miaka kumi na minne, na pikipiki ya jirani bado inalala uani palepale. Yule mdogo ana tarehe yake ya mahakama majuma mawili kuanzia Jumanne, naye amepewa namba ishirini na tatu, na hatujui ni nani ataisikia ikiitwa. Dereva mpya amewasili. Ni kijana safi, ana vyeti, na anaendesha kwa kasi nzuri sana. Ameshakagua gari, amesifu injini, na ameniuliza swali moja tu: kwa nini gari lenye tangi lililojaa limekuwa likiingia kituo cha mafuta kila siku ya mahakama. Nimemwambia amuulize mstaafu leo, kabla keki haijakatwa, na asimwache aondoke kabla hajamaliza kueleza, hata akieleza kwa gia mbili. Asisahau kuuliza na habari za benchi.

Mzee wetu, asante kwa mabenchi uliyoyafunga kwa idhini ya woga wako. Asante kwa ukuta uliouchubua. Asante kwa kusema hujui pale ulipokuwa hujui. Shati ni saizi aliyoisema mkeo. Likikubana, mlaumiane wenyewe, sasa mtaonana kila siku.

Nenda salama, Babu, na kila utakakopita kuanzia leo, tunakutakia gari jepesi.